Kibubu kwenye ndoo ya mchele

Nilikuwa natafuta mchele. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwisho mwisho wa Oktoba 2023, mama watoto kaenda kwenye kikao cha vikoba, mimi nimebaki na watoto wawili na njaa yao, basi nikafungua ile ndoo nyeupe kubwa tunayowekea mchele jikoni, nikazamisha kikombe, kikagonga kitu kigumu. Nikafukua. Ni kibubu cha binti yangu, kile cha mbao chenye umbo la nyumba, kimefungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu ya mama yake, na ile kanga imepigwa mafundo mawili, yale mafundo ya mtoto wa miaka 6 ambayo hata ukitumia meno hayafunguki.

Nilikaa kwenye kigoda nimekishika mkononi, mchele unadondoka kwenye sakafu, na nikajua mara moja kwa nini kiko pale.

Wiki moja kabla, kaka yake, wakati huo ana miaka 9, alichukua waya wa henga akachokonoa kile kibubu mpaka zikatoka 4,500, akaenda kuzimalizia kwenye kibanda cha gemu huku mtaani kwetu, mechi moja 500. Hakuna aliyemuona. Ila huyu mdogo mtu ana tabia moja, kila jioni kabla ya kulala anakitikisa kibubu chake sikioni, yaani anasikiliza hela zake kama mtu anayesikiliza redio. Siku hiyo akaja sebuleni akasema, "Baba, sauti imepungua."

Nilikuwa ndo nimefika. Nimekaa kwenye foleni ya Kimara karibu saa mbili, kichwa kinagonga, nataka kimya tu. Nikamwita kaka mtu, akaulizwa mara mbili akakiri. Nikamwambia muombe mwenzako msamaha. "Samahani." Sema vizuri. "Samahani." Haya na wewe, mwambie nimekusamehe. Binti akaangalia sakafu. Mwambie. Kimya. Nikapandisha sauti kidogo, mwambie mwenzako umemsamehe. "Nimekusamehe." Haya, peaneni mkono, mkacheze. Ishu nzima haikufika dakika mbili, nikawasha tivii niangalie taarifa ya habari, na kusema ukweli nilijisikia vizuri kabisa, nikaona nimetimiza wajibu wangu wa baba, nimewafundisha wanangu kuombana msamaha.

Sasa wiki nzima ile mtoto ametafuta sehemu ya kuficha mali yake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Amechagua ndoo ya mchele kwa sababu anajua kaka yake hapiki.

Mama watoto aliporudi nikamuonesha. Hakushangaa, inaonekana alishajua, si unajua mama wanajua vitu. Akaniuliza swali moja tu ambalo sijalisahau: "Baba watoto, wewe ungeibiwa laki 3 kazini, bosi akakuita ofisini akakusimamisha na aliyekuibia, akakwambia sema umemsamehe sasa hivi ili tuendelee na kazi, ungesemaje?" Nikamwambia ningesema nimesamehe. "Halafu hela yako ya kesho ungeiweka wapi?"

Nimeliwaza hili jambo sana toka siku ile, ndo maana naandika. Sisi wazazi tunahangaika sana na yule aliyekosa, aseme samahani, aseme kwa sauti, aangalie usoni, asitabasamu. Yule aliyekosewa tunamsahau kabisa. Kazi yake tunaona ni ndogo tu, atamke neno moja tumalize. Kumbe ile nimekusamehe ndiyo kitu pekee kilichobaki mikononi mwake baada ya kuchukuliwa vingine, na mimi nikaja nikamchukulia na hicho, nikampa kaka yake bure.

Na ukiangalia vizuri hata lile samahani lenyewe alilopewa halikuwa na kitu ndani yake. Kiswahili chetu kina utajiri mkubwa kwenye hili eneo na naona tunaupoteza. Tuna pole, na pole si msamaha. Pole unampa mtu aliyejikwaa barabarani ambaye hata humjui, unampa mgonjwa, unampa mfiwa, unampa mtu anayetoka kazini amechoka. Ukisema pole unasema nimeona umeumia, husemi mimi ndiye niliyekuumiza. Tuna samahani, lakini samahani nayo tumeitumia mpaka imechakaa, samahani dada hii gari inafika Mbezi, samahani kaka una chenji ya 10,000. Halafu tuna nimekukosea. Hili ni zito, na uzito wake upo kwenye ile ku, kwa sababu ukisema nimekosa unaweza kuwa umekosa njia au umekosa jibu la hesabu, ila ukisema nimekukosea lazima kuwe na mtu mbele yako, huwezi kulisema ukiwa unaangalia ukuta. Na juu yake kuna naomba radhi, ambalo mtoto wa kwetu anajua kwamba radhi ni jambo linaloweza kukufuata maisha yako yote.

Watoto wetu wa ingilishi midiamu hivi vyote wameviweka kwenye neno moja, sori. Mdogo akijikwaa, sori. Umemmwagia juisi kwenye daftari, sori. Umemuibia, sori. Neno lile lile, sauti ile ile, na anaendelea kutembea. Sisemi shule ni mbaya, wangu wanasoma huko huko, ila nyumbani nimeamua tutenganishe. Ukimuona mwenzako ameanguka, pole. Ukimuangusha wewe, nimekukosea, na utaje ulichofanya. Mwanzoni ilikuwa shida kweli. Mvulana alikuwa anaweza kusema sori mara 20 bila tatizo, lakini akiambiwa aseme "nimekukosea, nilichukua hela zako" sauti inakwama kooni, machozi yanamlenga. Hapo ndo nilijua kwamba haya mawili si kitu kimoja.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mimi mwenyewe sikulelewa kwenye nyumba ya nimekukosea.

Nimekulia Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la sisi Wachaga, na baba yangu hakuwahi kuniomba msamaha kwa mdomo hata siku moja. Nikiwa na miaka kama 8 mbuzi alikata kamba akaingia kwenye maharage ya jirani, nikachapwa mimi, nikachapwa sawasawa, na kumbe siku ile aliyemfunga yule mbuzi hakuwa mimi, alikuwa kaka yangu. Ukweli ulijulikana mchana. Baba hakusema kitu. Jioni tumekaa tunakula ndizi nyama, sisi watoto na sinia letu kule, akaniita, "Njoo ukae hapa." Nikakaa pembeni yake. Akachukua ule mfupa mkubwa kwenye bakuli lake, akaugonga gonga kwenye ukingo wa bakuli taratibu mpaka uboho ukachomoka wote ukaangukia kwenye ndizi zangu, akaniambia kula. Basi. Hilo ndilo lilikuwa samahani, na mimi nilielewa, ndugu zangu wote walielewa, hata kaka alielewa maana aliinamisha kichwa.

Najua wengi mnaosoma hapa mna mfupa wenu. Kuna walioitwa wakapewa hela ya soda, kuna walioambiwa njoo unishikie tochi nitengeneze baiskeli, kuna aliyeulizwa tu umeshakula wewe? na yule yule mama aliyemchapa asubuhi. Siwezi kusema wazee wetu hawakuomba msamaha. Waliomba kwa mikono. Ila mtoto ilibidi aufasiri mwenyewe, na wapo ambao hawakuweza kuufasiri, wamekuwa watu wazima na bado wanasubiri.

Baba alifariki mwaka 2015, tukamzika pale pale kihambani. Kabla ya kumshusha, baba mdogo akasimama akasema yale maneno ambayo nimeyasikia kwenye misiba mingi tu bila kuyatilia maanani: kama kuna mtu ndugu yetu alimkosea, kwa kujua au kutokujua, tunaomba amsamehe, na kama kuna mtu anamdai au anadaiwa naye, aonane na familia. Nilisimama na chepe mkononi na kitu kilichonijia kichwani ni yule mbuzi. Miaka yote ile. Nilishamsamehe siku ya mfupa, sina kinyongo naye hata kidogo, lakini nilitamani sana lile neno ningelisikia kwa sauti yake na si kwa sauti ya mdogo wake, wakati yeye amelala kwenye sanduku.

Kwa hiyo ile Jumamosi ya ndoo ya mchele niliamua kufanya jambo ambalo baba hakulifanya. Nikamwita binti, nikakaa chini kwenye mkeka ili tulingane, nikamwambia, "Mama, nimekukosea. Nilikulazimisha useme umesamehe na wewe ulikuwa hujasamehe. Lile neno lilikuwa lako." Moyo ulikuwa unanidunda kama naenda kwenye interviu. Akaniangalia, akafikiria, akauliza, "Kwa hiyo nisimsamehe?"

"Ukiwa tayari utamsamehe."

"Nitakuwa tayari lini?"

Nikamwambia sijui. Akasema sawa, akachukua kibubu chake akakirudisha kwenye mchele.

Siku chache baadaye, Jumatano tarehe 1 Novemba, taarifa ya habari ikaonesha Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, yuko Songea kwenye makumbusho ya Majimaji. Mzee mwenye mvi amesimama mbele ya wazao wa Songea Mbano, yule nduna, yaani kiongozi wa vita, wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na anaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwafanyia mababu zao. Mvulana wangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye kapeti, akainuka. "Baba, yule ndo aliwanyonga?" Hapana, yule hata hajazaliwa. "Sasa kwa nini anaomba yeye?" Nikajaribu kumuelezea, vita vya 1905 mpaka 1907, vijiji na mashamba kuchomwa moto, njaa iliyoua watu wengi kuliko hata risasi, wanahistoria wanataja mpaka laki 3, nikamwambia yule mzee anasema kwa niaba ya nchi yake. Akakubali nusu nusu. Halafu akauliza swali ambalo ndilo lilibadilisha kila kitu humu ndani: "Na wale wamemjibu nini?"

Nikamwambia kuna jambo familia ya Songea Mbano wanalitaka, fuvu la babu yao, inaaminika lilichukuliwa likapelekwa Ujerumani, wanataka lirudi wamzike. "Wamepewa?" Bado, rais ameahidi watajaribu kulitafuta. Mvulana akanyamaza. Anang'ang'ania uzi wa kapeti, anauvuta, anauvuta, dada yake amekaa kwenye kochi anachora. Mwishowe akasema bila kumwangalia mtu, "Mimi zile hela sijazirudisha."

Sikumwambia mimi, jamani. Naapa sikumwambia.

Tukakaa tukapiga hesabu. Kila Jumamosi anapata 500 ya kununulia anachotaka, askrimu, ubuyu, chochote. 4,500 ni Jumamosi 9. Nilijua angeweza kuchoka njiani na nilishawishika nimlipie mimi tumalize, mama watoto akanikataza, akasema ukilipa wewe atakuwa amejifunza kwamba baba ana hela, basi. Na ni kweli wiki ya tatu alilia. Watoto wa jirani wanapita na askrimu, yeye ana sarafu mkononi na hawezi kuitumia. Akaja akampa dada yake huku kamasi zinamtoka, dada mtu akaipokea, akaenda nayo jikoni na kufunga mlango ili asionekane anaiweka wapi. Iliniuma kidogo ile kufunga mlango, lakini nikajizuia nisimwambie kitu. Ingekuwa zamani ningesema, mwenzako anakulipa na wewe bado unamficha, huna shukrani? Hivyo ndivyo tunavyosema. Tunataka mtoto aliyekosewa aanze kumliwaza aliyemkosea.

Jumamosi ya 8 na ya 9 zilitukuta Moshi, maana Desemba kama mjuavyo sisi hatubaki mjini. Siku moja mvulana anazunguka kihambani na fimbo yake, akachuma jani refu pale mpakani akaanza kulichezea kama panga. Bibi yake akamuona. "Mume wangu, hilo halichezewi, ni isale hilo." Akamkalisha. Akamwambia masale ndiyo yanayoonesha mpaka kati yetu na jirani, yapo na pale kwenye kaburi la babu yako, na zamani mtu akikosana na ndugu yake vibaya anapelekewa jani la isale kuomba msamaha, na ukishapelekewa hukatai, hata kama ulikuwa na hasira kiasi gani, unasamehe.

Nilisikia nikiwa mlangoni na nikaingiwa na wasiwasi, maana mimi nimehangaika miezi miwili kumuachia mtoto nafasi ya kusamehe kwa wakati wake na hapa mila yangu mwenyewe inasema hukatai. Usiku, watoto wamelala, nikamuuliza mama pale jikoni kwenye moto. Mama, huku si kumlazimisha mtu? Akaendelea kukoroga chungu chake. Akasema, "Isale haliji peke yake. Linakuja na wazee, linakuja na mbege, na mwenye kosa anakaa pale mbele za watu anataja alichofanya, na wewe uliyekosewa unasema yote ya tumboni mwako mpaka yaishe. Sasa wewe mwanao siku ile alikuja na nini?"

Sikuwa na jibu. Alikuja na neno moja, na dakika mbili za baba aliyechoka.

Tarehe 30 Desemba, malipo ya mwisho. Tulikuwa wote nje, bibi anamenya ndizi, mimi na mama watoto tunapepeta maharage. Mvulana akamletea dada yake ile sarafu ya 500, na pamoja nayo kaleta jani la isale, amelikunja akalipiga fundo. Akasimama. "Nimekukosea. Nilichokonoa kibubu chako na waya nikachukua hela zako nikaenda kuchezea gemu." Binti akapokea sarafu. Akaligeuza lile jani. "Hili la nini?" "Bibi anasema ukipewa hili lazima usamehe." Akaliangalia tena, huku na huku. Kisha akamrudishia kaka yake lile jani mkononi. "Hili bado," akasema, na ile sarafu akaifungia kwenye pindo la kitenge alichokuwa amejifunga.

Mimi nilifungua mdomo. Mama watoto akanigusa goti. Nikamwangalia bibi, nikijua huyu ndiye mwenye mila, huyu atasema kitu. Bibi aliwaangalia wote wawili, akachukua ndizi nyingine akaendelea kumenya. Mvulana akabaki na jani lake, hakulia, hakununa, akaenda akaliweka dirishani na siku tunaondoka nilimuona anaipanga begi yake upya ili jani lipate sehemu lisikunjike.

Tukarudi Dar. Shule zikafunguliwa. Wakagombana kuhusu rimoti, wakacheka, wakagombana tena kuhusu nani akae dirishani kwenye daladala, maisha ya kawaida tu. Lile jani lilikaukia juu ya kabati lao, hakuna aliyeligusa.

Jioni moja mwezi wa pili, tunakunywa uji, binti alikuwa amekata kidole na karatasi, kamefungwa plasta na anakionea fahari, hataki kushika kitu. Kaka yake anapita kwenda jikoni kuongeza sukari. Akamwambia, hata hakuinua kichwa kwenye kikombe, "Kaka, kibubu changu kiko kwenye mchele, chini kabisa, niletee."

Mvulana akasimama pale mlangoni. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia uji wangu.

Alikaa jikoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kufukua kibubu. Akarudi amekishika kwa mikono miwili, punje za mchele zimeganda kwenye mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, ile kanga bado ina mafundo yake mawili. Akamuwekea mbele. Binti akakichukua kwa ule mkono usio na plasta, akakipeleka sikioni, akakitikisa kidogo, akasikiliza. Halafu akakiweka mezani, upande wa kaka yake, akaendelea kunywa uji.